Mwanamke Aliyeshika Antena

Kila Alhamisi, saa kumi na mbili na robo jioni, Mwangangi alitoa kitambaa cha kufuma kilichofunika televisheni, akakikunja mara nne na kukiweka juu ya Biblia. Kisha aliinama chini ya meza akaunganisha nyaya mbili kwenye betri ya gari, mwekundu kwanza, mweusi baadaye. Majirani walikuwa wamekwisha kuketi, wanaume kwenye viti na wanawake kwenye mkeka karibu na mlango. Mke wake, Kalondu, alikuwa nje nyuma ya nyumba, ameushika mlingoti wa antena kwa mikono miwili.

Nyumba yao ilikuwa upande wa nyuma wa milima ya Iveti, mahali ambapo mawimbi ya kutoka Nairobi yalifika yakiwa yamechoka. Mlingoti ulikuwa wa mkaratusi, mrefu kuliko paa, na upepo wa jioni uliugeuza ulivyotaka. Ilibidi mtu aushike.

"Vipi hapo?" Kalondu aliuliza kutoka nje.

"Bado chenga."

"Na hapo?"

"Umepita! Rudi kidogo kushoto. Hapo hapo. Usisonge."

Hakusonga. Alisimama hivyo kwa saa nzima, kila Alhamisi, tangu mwaka wa 1988.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Ulihusu chombo cha angani kilichokwenda kutoka nyota moja hadi nyingine kwa sababu ambazo hazikuwahi kuelezwa vizuri. Majirani waliuita Chombo. Ulikuwa umeanza kutengenezwa ng'ambo miaka mingi kabla, na watu wa stesheni waliuonyesha kuanzia kipindi cha kwanza kabisa, bila kuruka hata kimoja. Hivyo mambo yaliyowachukua wenzao miaka thelathini, watu wa nyuma ya Iveti waliyaona kwa miaka kumi na mitano.

Mwangangi ndiye aliyetafsiri. Alikuwa karani mstaafu wa bohari, na Kiingereza chake hakukipata utotoni. Alikuwa ameingia masomo ya ngumbaru akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, akaanza na herufi A, akamaliza na cheti ambacho sasa kilining'inia ukutani katika fremu. Darasa lilikuwa ng'ambo ya mto, jioni. Kalondu alimsindikiza na taa ya kandili, akamsubiri nje chini ya dirisha hadi masomo yaishe, kisha akamwangazia njia ya kurudi. Hayo yalichukua miaka sita. Mwangangi alipoeleza wageni habari za cheti kile, alieleza habari za bidii. Habari za taa hakuzitaja, ingawa kila mara alizikumbuka, na alipozikumbuka alikohoa.

Katika vipindi vya mwanzo, nahodha wa Chombo alikuwa Mzungu mwenye kidevu kipana. Wanawake walivaa sketi fupi na kazi yao ilikuwa kuleta trei na kupiga mayowe. Palikuwa na mtu mweusi mmoja, aliyefungua mlango. Aliufungua kwa miaka mitatu bila kusema neno.

"Huyo ni soja wa geti," alisema Muli, jirani aliyekaa kiti cha karibu na dirisha na ambaye hakuwahi kukosa la kusema. "Hata huko juu, sisi ni masoja tu."

Mwaka wa 1991 mtu wa mlango aliongea. Mwaka uliofuata akawa mhandisi, na wakati huo huo watu mjini Machakos walikuwa wanaonyeshana vidole viwili vya vyama vingi barabarani bila kuogopa. Baadaye maadui wenye pembe, waliopigana na Chombo tangu mwanzo, walikaribishwa mezani wakala pamoja na wenyeji. Mwangangi aliandika haya yote katika daftari lenye kichwa Maendeleo ya Binadamu Kama Yanavyoonekana Katika Televisheni.

"Msidhani wale wanajua mambo ya kesho," aliwaambia majirani. "Wanachungulia barabarani leo, halafu wanaandika kwamba ni kesho. Chombo hakitutangulii. Kinatufuata nyuma."

Majirani waliona kwamba huo ni usemi wa mtu aliyesoma.

Mwaka wa 1995 nahodha mwenye kidevu kipana alikufa, na kiti chake kikakaliwa na mwanamke. Wanawake waliokuwa mkekani walipiga makofi. Mwangangi alisimama, akaondoa miwani.

"Mmeona? Mwanamke akipewa elimu, hata nyota zinamtii. Mwanaume ambaye bado anamfungia mke wake jikoni ajue amebaki nyuma."

"Iko sawa hapo?" Kalondu aliuliza kutoka nje.

"Iko sawa! Usisonge!"

Alirudi kuketi. Hakuna aliyecheka, hata Muli. Mwangangi aliandika sentensi ile daftarini.

Kalondu alikuwa na masomo yake pia. Ngumbaru ilikuwa imerudi, safari hii katika shule ya msingi ya karibu, chini ya Mwalimu Zaituni, mwanamke wa kutoka mjini, wa nyumba za karibu na msikiti. Jumanne alifundisha hesabu. Alhamisi, saa ile ile ya Chombo, alifundisha kusoma. Kalondu alihudhuria Jumanne zote. Alijua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya hadi maelfu. Kusoma hakujua.

Alichotaka kusoma kilikuwa kinajulikana. Binti yao Nzembi alikuwa ameolewa Voi, na barua zake zilikaa katika mkebe wa mafuta ya Kimbo chini ya kitanda. Kila barua ilipofika, Mwangangi alivaa miwani na kumsomea mke wake. Alisoma kama alivyotafsiri Chombo, kwa ufupi.

Barua moja ya mwaka 1994 ilikuwa ya kurasa mbili, pande zote nne zimejaa. Mwangangi aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Anasema hawajambo. Mvua imenyesha. Anakusalimu."

Kalondu aliichukua, akahesabu kurasa.

"Baba Nzembi, pande nne zote ni mvua?"

"Imenyesha sana."

Aliikunja akairudisha kwenye mkebe. Mwangangi alitoka nje akaenda kutazama matuta ya shamba, ambayo hayakuwa na tatizo lolote.

Mwaka wa 1997 Mwalimu Zaituni alikuja mwenyewe, akiwa amejifunga mtandio wa kijani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu chai."

"Ahsante, nimekunywa. Mzee, nimekuja kumwombea Mama Nzembi. Hesabu anawashinda wote, hata mimi siku nyingine ananisahihisha. Lakini hawezi kufanya mtihani bila kusoma, na kusoma ni Alhamisi."

"Alhamisi ni ngumu kidogo," alisema Mwangangi. "Tungoje huu mfululizo uishe."

"Utaisha lini?"

"Hawajasema."

Muli alikuwepo, amekuja kuazima jembe. Akasema, "Lakini hiyo kitu si rahisi? Tushike mlingoti kwa zamu, vile tunafanya kwa mwethya. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu. Hata mimi niko na mikono."

Katika kijiji kile hakuna aliyeweza kukataa mwethya mbele ya watu. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata Muli aliushika mlingoti, na Kalondu akasimama kando, amevaa viatu, daftari lake chini ya kwapa. Ndani, Mwangangi aliwasha televisheni. Picha ilikuja safi, hata vishikizo vya sare ya nahodha vilihesabika. Majirani walikuwa bado wanavua viatu mlangoni. Mwangangi alizima.

"Chenga tupu," alisema kupitia dirishani. "Muli, mikono yako haina nguvu ya umeme. Mama Nzembi, hebu shika wewe."

Kalondu aliweka daftari juu ya jiwe, akashika.

Mwangangi hakujua kwa nini alifanya vile. Baadaye alitafuta sababu, naye alikuwa mtu wa kutafuta sababu hadi azipate. Aliyoipata ni kwamba mke wake akijua kusoma, ataisoma barua ya 1994. Sababu hiyo hakuiandika daftarini.

Mwaka uliofuata mambo mengine yalianza. Asubuhi za Ijumaa Kalondu aliamka na vumbi la nyota kwenye nywele. Lilikuwa kama mchanga laini wa mtoni, lakini liling'aa. Alilikung'uta kwenye mto wa kulalia, akalifagia nje, na kuku wakaja wakalidonoa. Mayai yao yakawa na mwanga kidogo. Kalondu aliyapeleka soko la Machakos kama kawaida, akayauza kwa bei ile ile, na wateja walisema ni mazuri hasa kwa nyumba ambazo hazina stima.

Kisha, Alhamisi moja ya mwezi wa Septemba, Muli aliinama mbele kutoka kitini.

"Si huyo ni Mama Nzembi?"

Wote walitazama. Ndani ya Chombo, nyuma kabisa ya chumba cha nahodha, karibu na mlango, alisimama mwanamke aliyejifunga leso ya maua mekundu, ameshika mlingoti.

"Ni yeye," alisema Mwangangi.

"Na huku nje ni nani?"

Mmoja wa wanawake wa mkekani alichungulia dirishani. "Ni yeye pia."

"Basi ni sawa," alisema Muli, na wakaendelea kutazama. Jioni hiyo Chombo kilikuwa kinapita karibu na jua lenye ugonjwa, na hawakutaka kukosa.

Wiki zilizofuata Kalondu wa ndani ya Chombo alisogea mbele. Mwanzo aliuacha mlingoti akapewa trei. Hakukaa sana na trei. Mhandisi, yule aliyekuwa mtu wa mlango, alimketisha mbele ya ubao wenye mwanga na kumwonyesha herufi moja moja. Yalikuwa maonyesho mafupi, kati ya vita na vita, na Mwangangi hakuyatafsiri, maana hayakuhitaji. Kwenye Chombo darasa la kusoma lilikuwa kila Alhamisi. Kalondu alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipofika herufi K aliandika jina lake, akalitazama, akafunika mdomo kwa kiganja.

Kadiri Kalondu wa ndani alivyosogea mbele, ndivyo Kalondu wa nje alivyopungua. Alikula vizuri, alichota maji, alipika muthokoi, lakini mtu akisimama upande wa magharibi aliweza kuona kupitia kwake zizi la mbuzi, na siku za jua kali hata mbuzi wenyewe. Mwangangi aliliona zizi hilo kupitia mke wake asubuhi moja alipokuwa anapiga mswaki.

"Unajisikiaje, Mama Nzembi?"

"Niko sawa. Mikono tu ndiyo inachoka."

"Mfululizo hauko mbali kuisha."

"Ĩĩ," alisema Kalondu. Ndiyo. Akainua mtungi akaenda zake.

Mwangangi angeweza kumwambia siku hiyo yaliyokuwa kwenye barua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, pamoja na povu la dawa ya meno. Alitema yote.

Mwaka wa 2001, mwezi wa Machi, nahodha mwanamke wa Chombo alistaafu. Hapakuwa na vita wala kifo. Alivua sare, akaikunja, akampa Kalondu. Kalondu aliivaa juu ya leso na kukaa kitini. Wanawake wa mkekani walipiga vigelegele hadi mbuzi wakaitika.

"Aiya!" alisema Muli. "Mzee, umeoa nahodha!"

Mwangangi alitabasamu. Alikuwa amejitayarisha kusimama na kusema machache kuhusu maendeleo, na tayari alikuwa amevua miwani. Lakini kwenye skrini Kalondu alitia mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa. Mwangangi aliitambua. Ilikuwa na doa la mafuta kwenye pembe moja, la mkebe wa Kimbo.

Kalondu alisoma kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Alisoma kwa Kikamba, kama barua ilivyoandikwa, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiingereza kwa ajili ya watazamaji wengine. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

"Mwaitu, mama yangu," alisoma, "hapa Voi kuna darasa la watu wazima, tena ni mchana. Njoo ukae nami mwaka mmoja tu, usome. Nimekwisha kuongea na mwalimu, na kitanda kipo. Nakumbuka ulivyokuwa unambebea baba taa nikiwa mgongoni kwako, nikawa nalala na kuamka na bado tuko nje. Baba anajua kuchemsha chai, hatakufa. Nakungoja mwezi wa nane kwenye stesheni ya gari la moshi. Usipokuja, nitajua kwamba hukutaka, na sitakusumbua tena."

Kalondu aliikunja barua kwenye mikunjo yake ya zamani. Hakulia. Alimwambia mhandisi akaze mwendo, na Chombo kikaondoka.

Ndani ya nyumba betri ilinguruma kidogo chini ya meza. Mwangangi alikuwa bado ameshika miwani. Mwaka ule wa 1994, mwezi wa nane, Nzembi aliwahi kuandika tena, barua fupi ya mistari mitatu, na baada ya hiyo zilizokuja zilikuwa kadi za Krismasi tu. Zile alizisoma zote, bila kuacha neno.

"Kumbe haikuwa mvua," alisema Muli.

Walipotoka nje, mlingoti ulikuwa umesimama peke yake. Leso ya maua mekundu ilikuwa imefungwa juu yake kwa fundo moja, kama mtu anavyofunga kitu atakachokuja kukichukua, au ambacho hana haja nacho tena. Naibu wa chifu alipokuja kuuliza, aliambiwa aliko, akaandika kwenye fomu yake kwamba Kalondu yuko kazini, nchi za nje. Mwalimu Zaituni alikuja pia. Alisimama mbele ya televisheni iliyozimwa, akaitazama, akasema, "Angalau amesoma," akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi iliyofuata upepo uligeuza antena, na hapakuwa na kitu ila chenga. Majirani walingoja. Mwangangi alitoka nje mwenyewe, akaushika mlingoti kwa mikono miwili. Ulikuwa baridi, na penye mikono ya mke wake mti ulikuwa umelika, ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani.

"Vipi hapo?" aliuliza.

"Safi!" Muli alipaza sauti kutoka ndani. "Safi kama maji ya chemchemi!"

Hakushangaa. Alikuwa amejua tangu siku ya mwethya kwamba mkono wowote ungefaa.

Alisimama. Kupitia ukutani alisikia sauti ya Kalondu ikitoa amri, na majirani wakicheka kwa furaha, kisha wakanyamaza, kisha sauti yake tena, ndefu, ya upole, ya mtu anayeeleza jambo. Maneno hayakusikika.

"Amesema nini?" Mwangangi aliuliza.

"Hakuna mambo mengi, mzee," alijibu Muli. "Anasema huko mvua imenyesha."

Walicheka ndani kwa muda mrefu. Mwangangi hakuuachia mlingoti. Wiki ya pili alishika tena, na wiki ya tatu, na kila mara aliambiwa kwamba mvua imenyesha. Wiki ya nne mgongo ulimuuma.

Mwana wao Josphat alifanya kazi kiwandani Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mke wake, Pauline, aliishi pale bomani pamoja na mtoto wao. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mwalimu Zaituni alikuwa ameleta kompyuta mbili kuukuu katika chumba kimoja mjini, na jina la Pauline lilikuwa la tisa kwenye orodha ya wanafunzi.

"Pauline," alisema Mwangangi. "Hebu nishikie hapa kidogo."

"Baba, leo niko na klasi ya kompyuta. Ni Alhamisi."

"Ni leo tu. Nimuone mama yenu."

Pauline alitazama barabara, akatazama mzee aliyejishika kiuno. Alimfunga mtoto mgongoni vizuri, akashika mlingoti. Mikono yake ilikaa pale pale palipolika.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Aprili. Mwisho wa mwaka uliofuata serikali ilibadilika, na Januari shule za msingi zikawa za bure. Watu wazima wenye mvi walivaa sare wakaingia darasa la kwanza, na Mwangangi aliandika kurasa tatu juu ya jambo hilo. Alhamisi jioni aliketi kitini kwake kama zamani. Chombo kilikuwa kimefika mahali pasipo na nyota hata moja, na Kalondu alikuwa amesimama mbele ya dirisha kubwa, amewapa mgongo watazamaji, mvi zake zimesukwa vizuri.

Kisha akageuka. Alimtazama Mwangangi moja kwa moja. Hakuwa na hasira; alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtu aliyepewa swali na muda wa kutosha. Aliinua mkono, akaelekeza kidole juu ya bega la Mwangangi, kwenye ukuta wa nyuma. Nyuma ya ukuta huo mtoto alikuwa analia mgongoni kwa Pauline, na Pauline alikuwa anamwimbia kwa sauti ndogo bila kuachia mlingoti.

Hata Muli alitazama chini.

Mwangangi alielewa. Aliinuka, magoti yakalia. Alikwenda hadi dirishani, akafungua mbao zote mbili, na hewa ya baridi ya Iveti ikaingia. Pauline aliinua uso.

"Naam, Baba?"

Mwangangi alifungua mdomo. Nyuma yake picha ilianza kuingia chenga, kuanzia kwenye vidole vya Kalondu.

"Kidogo kushoto," alisema.

Pauline aligeuza. Mwangangi alirudi kwenye kiti chake. Picha ilikuwa safi kabisa, na Kalondu alikuwa bado ameelekeza kidole.